Nguzo na Mrithi Wake

Siku hizi wachoraji wa majengo wa nchi nyingi wanayasifu sana mabanda ya mbao yaliyo kando ya bahari au ya ziwa. Twaziona picha zake: banda kubwa, wazi pande zote, mahali pa watu wote kukutana, kupumzika na kutazama maji. Nao wasema: hii ndiyo nyumba isiyoiharibu dunia, kwa kuwa saruji na chuma hutengenezwa kwa moto mkali wa viwanda, lakini mti hukua kwa jua na mvua, na ukikatwa huota mwingine.

Wasemayo yana ukweli. Lakini sisi wa Beni na Butembo twakaa mlangoni pa msitu. Twayaona malori yaliyojaa mbao yakishika njia ya Kasindi. Twakumbuka pia kwamba mwaka 2001 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizitaja mbao za Mangina kati ya mali za Kongo zilizotoka nchini chini ya kivuli cha vita. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza swali moja zaidi mbele ya kila banda la mbao, hata likiwa zuri namna gani: badala ya mti uliokatwa kwa ajili yake, ni nani aliyepanda mwingine, na huo mwingine utakuwa tayari lini?

Katika makala hii twataka kuyapima majengo machache ya watu wote, ya kwetu na ya mbali, yaliyojengwa kwa mti au karibu na maji. Tutayasifu panapostahili sifa, na panapo kosa tutalisema. Mwisho tutaona yatufaa nini sisi wenyewe, tukitaka kujenga banda la namna hiyo kando ya Ziwa Edward, ambalo ndilo pwani yetu.

Kipimo chetu

Kipimo tunachotumia ni chepesi. Mkulima yeyote wa Oicha au wa Lubero aweza kukishika bila kusoma shule ya uhandisi. Twasema hivi: nguzo yapaswa kudumu angalau miaka ile ambayo mti wa kuirithi unahitaji kukua.

Tutoe mfano. Mkaratusi uliopandwa katika milima ya Butembo hutoa nguzo nzuri baada ya miaka 8 hivi. Nguzo hiyo ikisimama miaka 8 au 10 bila kuoza, mrithi wake amekwisha kukua, deni limelipwa. Lakini nguzo hiyohiyo ikikatwa mbichi, ikafukiwa katika udongo wenye maji, nayo ikaoza baada ya miaka 2, banda limekula miti minne mahali pa mmoja. Watu watasema ni banda la bei rahisi, kumbe ni mlaji mkubwa.

Sasa tutazame mvule. Mti huo haufikii unene wa kupasuliwa mbao kabla ya miaka 50 au zaidi. Aukataye amekopa kwa mjukuu wake. Basi jengo lililosimama kwa mvule lina wajibu wa kusimama maisha ya mtu mzima. Kutumia mvule kwa kibanda cha miaka 5, au kwa mbao za kumwagia zege zitakazotupwa baadaye, ni kama kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya kitoweo cha jioni moja.

Twaona basi kwamba kipimo hiki hakimpendelei mtu. Kinamwonya mwenye mti wa thamani, na kinamwonya pia mwenye mti rahisi.

Kyaghanda

Kabla ya kwenda mbali, tuanze na la kwetu. Wayira, ambao wengi huwaita Wanande, tangu zamani walikuwa na banda la watu wote, na jina lake ni kyaghanda. Lilikuwa na nguzo za miti, paa la nyasi, na moto katikati. Hapo wazee walikata mashauri, vijana walifunzwa desturi za ukoo, na mgeni alipewa mahali pa kukaa. Nyumba yenyewe imepungua vijijini, lakini jina limebaki na nguvu, hata limekuwa jina la umoja wa Wayira.

Tukiitazama kyaghanda kama kazi ya fundi, twaona mambo matatu yaliyofanywa kwa akili.

La kwanza ni paa. Paa la nyasi lenye mteremko mkali huyatupa maji mbali, tena ukingo wake hutokeza nje ya nguzo, hata mvua haizipigi miguuni. Katika nchi kama yetu, inayonyeshewa karibu mwaka mzima, jambo hili lina maana kuliko pambo lolote.

La pili ni moshi. Mgeni huulaumu moshi kwa kuwa unamtoa machozi. Lakini moshi ule ukipanda kila jioni hukausha nyasi na fito, na wadudu watoboao mti hawaupendi. Moto wa kyaghanda ulikuwa taa, jiko na dawa ya paa kwa wakati mmoja.

La tatu ni viungo. Vipande vilifungwa kwa kamba za msituni. Ufito mmoja ukioza, hufunguliwa huo mmoja tu, na mwingine hufungwa mahali pake. Haimpasi mtu kumwita fundi wa mjini, wala kungoja fedha za mfadhili. Kila mwanamume wa kijiji aliijua kazi hiyo.

Makosa nayo yapo. Nguzo zilifukiwa ardhini. Fundi yeyote atakuambia kwamba nguzo haifi kichwani, wala haifi chini kabisa. Hufa shingoni, pale inapotoka udongoni, kwa sababu hapo unyevu na hewa hukutana, na uozo wahitaji vyote viwili. Zamani kosa hili halikuumiza sana. Watu walikuwa wachache na msitu ulikuwa karibu. Nguzo ikifa, nyingine ililetwa asubuhi. Leo miji yetu imejaa watu, na msitu umesogea mbali. Tena tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika wilaya ya Beni, wengi wameshindwa hata kufika mashambani mwao, sembuse kwenda kukata nguzo porini.

Kosa la pili si la mti. Kyaghanda ilikuwa hasa mahali pa wanaume. Banda linaloitwa la watu wote siku hizi haliwezi kuanza hivyo. Nenda kwenye soko lolote la samaki uone ni nani anayenunua, anayekausha, anayehesabu na anayesafirisha. Mama hao wakikosa kiti chenye kivuli, banda si la watu wote hata likiwa na nguzo mia.

Manjanja na mvua

Wapo wanaosema: tumekwisha kupata dawa, tuezeke kwa mabati. Mabati hayo, manjanja kama tusemavyo huku, ni kitu chema. Hayashiki moto, hayavuji upesi, na kupata nyasi nzuri za kuezekea kumekuwa kazi ngumu. Hatuyapigi vita. Lakini tuyatazame yalivyofanya kazi katika mabanda mengi ya mikutano.

Kwa kuwa kila bati hununuliwa, mwenye kujenga hulikata paa pale nguzo zinapoishia. Ukingo unapotea. Mvua ya kwanza yenye upepo hupiga miguu ya nguzo, na baada ya masika machache shingo zake zimekuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Moto umeondolewa, kwa hiyo na moshi umeondoka, na wadudu wamekaribishwa. Mchana joto lashuka kutoka juu kama la tanuri. Na mvua ikinyesha, msemaji hasikiki! Hapo twauliza: nyumba ya mashauri isiyosikilika wakati wa mvua, katika nchi ya mvua, yafaa kazi gani?

Kosa haliko katika bati. Liko katika kuiga sura ya nyumba bila kuuliza kila sehemu ilikuwa na kazi gani. Anayetaka manjanja arudishe ukingo wa mita 1 angalau pande zote, na chini ya bati aweke dari ya mikeka au ya mianzi iliyopasuliwa. Joto litapungua, kelele itapungua, na nguzo zitapona.

Baraza za pwani

Mbao zinazopita Kasindi huingia Uganda, na nyingine hufika Kenya. Tuzifuate kwa mawazo mpaka baharini, tuone watu wa pwani walivyojenga karibu na maji ya chumvi.

Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Unguja, dari hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa kwenye matope ya bahari. Mti huo ni mgumu, na mchwa hauwezi upesi. Lakini ni mfupi. Boriti ya kawaida ina urefu wa mita 3 hivi. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake haupiti urefu wa mti. Hilo twalisifu sana. Wajenzi hawakuulazimisha mti ufuate mchoro. Mchoro uliufuata mti. Tena walijua kupanga kazi: jiwe la matumbawe na chokaa vilishika chini, penye unyevu, na mti ulikaa juu, pakavu. Nguzo ya mti haikuombwa kusimama katika matope.

Mlangoni palijengwa baraza, kiti kirefu cha mawe upande wa njia, ambapo jirani, mgeni na mpita njia hukaa bila kuombwa ruhusa ndefu. Neno hilo limesafiri mpaka kwetu. Nasi twasema baraza kwa kibaraza cha nyumba na kwa mkutano wa wazee vilevile. Lugha yenyewe imekubali kwamba mahali pa kukaa na shauri linalokatwa hapo ni kitu kimoja.

Watu wa pwani walijua pia kwamba chumvi hula misumari. Mitepe yao, vyombo vya kale vya baharini, haikupigwa misumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za nazi. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo mawimbini pasipo kuvunjika, na kamba ikichakaa hushonwa upya. Je, hatuioni hapa akili ileile ya kyaghanda?

Lakini kipimo chetu chasemaje juu ya boriti? Ndani ya nyumba zilidumu vizazi, na hapo hatuna neno. Nje, mambo yalikwenda vingine. Majahazi mengi yalizichukua kwenda Uarabuni mwaka baada ya mwaka, hata Kenya ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Nguzo ilidumu, lakini mrithi wake alikatwa kabla hajakua. Twafurahi kwamba watu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wameanza kuyatengeneza hayo: tangu mwaka 2013, katika mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, wanalinda mikoko yao na kupanda mingine, na fedha zinazopatikana kwa kazi hiyo husaidia shule na maji ya kijiji.

Pwani yatufundisha somo jingine, nalo ni la huzuni. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, yatazama bahari. Varanda zake pana, zilizobebwa na nguzo za chuma, zilikuwa kivuli kizuri kuliko vyote ufukoni, na kwa miaka mingi jengo lilikuwa makumbusho ya watu wote. Lilichakaa polepole mbele ya macho ya kila mpita njia. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa iliporomoka, na watu wawili wakafa. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Karibu na bahari ufa haungoji. Jengo la watu wote lisilo na mtu wa kulikagua kila mwaka limeanza kuanguka siku ile lilipofunguliwa.

Mvule ng'ambo ya bahari

Sasa tutazame jengo moja linalosifiwa duniani kote, nalo latuhusu kuliko tunavyodhani. Katika kisiwa cha Nouvelle-Calédonie, bahari ya Pasifiki, karibu na mji wa Nouméa, kipo Kituo cha Utamaduni cha Jean-Marie Tjibaou. Bwana huyo alikuwa Mkanak, mwenyeji wa kisiwa. Alipadirishwa mwaka 1965, baadaye akaacha upadre, akawa kiongozi wa watu wake mpaka alipouawa tarehe 4 Mei 1989. Kituo kilizinduliwa tarehe 4 Mei 1998. Aliyekichora ni Renzo Piano, Mwitaliano.

Kina nyumba kumi za mbao, ndefu, zilizopindwa kama vikapu vikubwa visivyomalizika kusukwa. Iliyo ndefu kuliko zote yafika mita 28. Sura yake yatokana na nyumba kubwa za machifu wa Kikanak. Na mbao zake ni iroko, yaani mvule, mti wa Afrika.

Tuseme kwanza mema yake. Mchoraji alikwenda kuuliza desturi za wenyeji kabla ya kuchora. Aliujua upepo wa pale. Ukuta ni wa tabaka mbili, na vibao vyake huruhusu hewa kupita, hata watu wapate baridi bila mashine; na tufani ikija, jengo limeandaliwa kuipokea. Vyuma vya viungo ni vile visivyoshika kutu. Mbao hazikupakwa rangi. Ziliachwa zigeuke kijivu kama shina la mnazi. Hayo yote ni kazi ya mtu anayeiheshimu bahari.

Lakini tukileta kipimo chetu, twasita. Vipande vya jengo vilitengenezwa Ufaransa, kisha vikapelekwa kwa meli. Mwanakijiji wa Kikanak, ambaye babu yake aliijua kazi ya kufunga paa la nyumba ya chifu, hawezi kwa panga na kamba kukibadilisha kipande kimoja cha jengo lililopewa sura ya nyumba hiyo. Ndiyo heshima kwa sura. Je, ndiyo heshima kwa mikono? Tena mvule hauoti kisiwani. Mrithi wa nguzo zile, kama yupo, yapasa aote Afrika. Deni la jengo lile haliko Nouméa. Liko katika msitu ulioutoa mti.

Hata hivyo tuwe wa haki. Jengo lile likitunzwa miaka 60 au 80, mvule utakuwa umepata muda wa kukua, na nusu ya kipimo itakuwa imetimizwa. Nusu ya pili yamtaka mtu wa kupanda. Hilo halimhusu mchoraji peke yake. Lamhusu kila anunuaye mti wa Afrika, na kila anayemwuzia.

Mfano wa kinyume tunaupata Japani, mahali paitwapo Ise. Hekalu la kale la dini ya nchi ile limejengwa kwa mti na nyasi, na nguzo zake zimefukiwa ardhini, kama zile za kyaghanda yetu. Kwa desturi hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Desturi hiyo ina miaka 1,300 hivi, ingawa vita viliikatiza kwa muda. Dini yao si yetu, lakini tuwasikilize mafundi wao. Wanao msitu waliojipandia kwa kazi hiyo. Mbao zinazotolewa hutumika tena mahali pengine. Na muda ule wa miaka 20 wampa kijana nafasi ya kushika kazi mara ya kwanza kama mwanafunzi, mara ya pili kama fundi, mara ya tatu kama mzee anayeelekeza. Kumbe hata fundi ahitaji mrithi! Banda ambalo hakuna kijana ajuaye kulitengeneza limekwisha kufa nusu, ingawa mbao zake ni mpya.

Kando ya Ziwa Edward

Baada ya safari hii ndefu turudi kwetu. Kyavinyonge na Vitshumbi ni vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Edward, navyo vimo katika eneo la Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Watu wa huko wahitaji kivuli cha kungojea mitumbwi, cha kushona nyavu, cha kuuzia samaki na cha kusikilizana. Mtu akitaka kujenga banda hapo, twampa maoni yetu.

Kwanza, ajue mti utoke wapi. Katika hifadhi ni marufuku kukata, na yafaa iwe hivyo. Mti utoke milimani, kwa wakulima waliopanda. Haupungui, maana tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala, kwa msaada wa WWF, umewasaidia wakulima wadogo wa pembeni mwa Virunga kupanda mikaratusi na miti mingine. Mvule na libuyu tuviache visimame. Kama mtu ameshika mbao ya mvule iliyokwisha kupasuliwa, aitumie kwa kitu cha miaka mingi, kama kizingiti au meza ya shauri, asiipoteze kwa mapambo.

Pili, mkaratusi ukaushwe. Huu ni mti mwenye hasira. Ukijengewa ungali mbichi hupinda na kupasuka. Ukatwe, uambuliwe ganda, ulazwe kivulini juu ya vijiti usiguse ardhi, ungoje miezi kadhaa. Wajenzi wengi hawangoji, kisha wanaulaumu mti.

Tatu, nguzo isiingie udongoni. Isimame juu ya jiwe au zege lililoinuka kiasi cha goti, imeshikwa na kipande cha chuma, na maji yapate njia ya kutoka. Kichwa cha nguzo kifunikwe, maana mti hunywa maji kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Ziwa letu halina chumvi, hiyo ni bahati; lakini ufuko wa ziwa hupanda na kushuka, basi banda likae mbali kidogo na maji, mahali ambapo wazee hawakumbuki kuyaona yakifika.

Nne, paa liwe kubwa kuliko sakafu, na chini liwe wazi. Upepo wa ziwa ni zawadi. Usizuiliwe kwa kuta. Penye moto wa kukausha samaki, moshi uongozwe upite chini ya paa kabla ya kutoka. Viti viwekwe vya urefu wa mama mwenye mtoto mgongoni, na meza za samaki ziwe ndani ya kivuli, zisibaki juani kama kitu cha aibu.

Tano, viungo vifunguke. Bolti ni bora kuliko msumari, na ulimi wa mbao ndani ya tundu ni bora pale fundi anapoujua. Nguzo moja iweze kutolewa bila kuliangusha paa zima. Na vijana wawili au watatu wa kijiji wafanye kazi pamoja na fundi tangu siku ya kwanza, ili wajue kila kipande kimeingiaje.

Sita, mrithi apandwe siku ileile. Banda la nguzo 12 lipandiwe miti 24, kwa kuwa mingine itakufa. Ipandwe mahali panapoiruhusu, katika shamba la shule au la kigango milimani, mbali na chemchemi, maana mkaratusi hunywa maji mengi. Iandikwe katika daftari pamoja na jina la mwenye kuitunza. Na kila mwaka, mvua kubwa zikiisha, mtu apite na kisu kidogo, achome shingo ya kila nguzo aone kama ni ngumu. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja.

Mtu aweza kutuuliza: katika nchi iliyopata mateso kama yetu, je, huu ndio wakati wa kubishana juu ya nguzo? Twajibu kwamba ndio. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ambao ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulitufundisha kuogopa hata kushikana mikono. Vita vimetufundisha kuogopa njia, shamba na jirani tusiyemjua. Watu waliokimbilia Oicha, Beni na Butembo wametoka vijiji mbalimbali, na wengi hawana mahali pa kukaa pamoja pasipo kununua kitu wala kuandikishwa katika orodha. Kyaghanda ilikuwa mahali pa namna hiyo. Watu wasio na mahali pa kusemezana mwishowe hawasemezani.

Basi tujenge, lakini tusijenge kwa picha. Tukiletewa mchoro wa banda zuri la mbao, tumshukuru aliyeuchora, kisha tumwulize kwa adabu maswali manne. Mti watoka kwa nani? Maji yatatokea wapi? Ni nani kijijini atakayebadilisha nguzo ya kwanza itakayooza? Na mrithi wake amepandwa wapi? Akiyajibu yote manne, tumkaribishe aanze kazi, nasi tulete mikono. Akishindwa moja, mchoro urudi mezani kwanza, na miti ibaki imesimama mpaka jibu lipatikane.